Pistole ya Verni na Maneno ya Shemeji

Walisema ni marehemu anayeizuia. Walisema mchana kweupe, ndani ya atelie yetu ya useremala, wateja wakisikia, nami nimesimama palepale na pistole mkononi, verni inanichuruzika mpaka kwenye kiwiko. "Ule bwana yako njo anakataza," shemeji yangu akasema. "Haujaoshwa bado, na unashika chombo yake." Kisha akarudi kupiga randa ubao wake, kama mtu aliyetaja tu bei ya muhogo. Yee! Mpaka leo nikikumbuka, damu inanipanda kichwani.

Pistole ninayoisema ni ile ya kupulizia verni ya kung'arisha mbao: kikombe juu, mdomo wa shaba mbele, na mpira wa hewa unaokwenda mpaka kwenye kompresa. Mume wangu aliinunua Kabalo kabla hatujahamia huku ziwani. Miaka yote ya ndoa yetu yeye alipasua na kuunga, mimi nikapuliza. Alikuwa na mkono mzito wa verni, mwenyewe alikubali. Alipofariki, mdogo wake akashika uongozi wa atelie. Akachukua pia kitanda, redio, baiskeli, na koti la marehemu ambalo wala halimwenei. Mimi nikabaki na watoto wanne na pistole.

Na hiyo pistole nilikuwa nayo kwa kuazimwa tu. Mama mkwe alikuwa Kabalo akingojea treni. Siku atakayofika, matanga yangemalizwa, mimi ningeoshwa kwa desturi ya kwao, na siku hiyohiyo vyombo vya kazi vya marehemu vingegawanywa kwa ndugu zake. Kila mtu alijua shemeji anaitaka pistole. Hajui kuitumia, akipuliza verni utadhani anamwagia mchicha. Lakini anaitaka. Na bila pistole mimi pale ningekuwa nani? Mfagia maranda. Watoto wangekula maranda?

Katikati ya hayo ikaingia kazi ya kituo cha uzazi: milango minane, ya mbao nyekundu nzuri iliyotoka upande wa Niemba. Mama mkunga mkuu wa kituo alikuja mwenyewe, mama mnene wa kusema mara moja tu. Nyuma yake mchukuzi amebeba ndoo.

"Sitaki tena ile verni yenu ya kunuka," akasema. "Mara ya mwisho wazazi walikohoa wiki nzima, na katoto kamoja kalivimba macho. Hii imetoka Kigoma na boti. Inachanganywa na maji, hainuki. Munaiweza?"

Shemeji akacheka. "Mama, maji na mbao ni maadui."

"Sikukuuliza juu ya uadui. Munaiweza?"

"Tunaiweza," nikasema mimi.

Akanitazama tangu kitambaa cha kilio kichwani mpaka kandambili. "Nani atapuliza?"

"Miye, Mama."

"Basi. Lakini ndoo ni hii tu. Ingine haiko Kalemie nzima mpaka boti irudi."

Alipoondoka, shemeji akaniambia mbele ya mafundi wote watatu: "Umejipeleka mwenyewe. Ikikuharibikia, usimusumbue mama akifika. Pistole utaileta kwangu na mikono yako mwenyewe." Nikamjibu sawa. Kiburi, ndiyo, najua. Lakini ningesema nini, nimpigie magoti?

Siku ya kwanza nikaijaribu hewani, pistole ikakohoa. Ikatema matone badala ya ukungu, pu, pu, pu, halafu kimya, halafu pu. Mafundi wote wakageuka, wametulia kama watu wanaotazama kuku akichinjwa. Nikaitikisa, nikafungua sindano ya ndani, nikaifunga, wapi! Mwishowe nikatazama kifuniko cha kikombe. Juu yake kuna katundu kadogo sana ka kuingiza hewa, maana verni ikishuka chini lazima hewa iingie juu. Tundu likiziba, verni inakwama kama maji ndani ya dumu ulilogeuza. Katundu kalikuwa kamezibwa na verni ya zamani. Verni nyepesi ya zamani ilipenya hivyohivyo, lakini hii ya maji ni nzito, haina huruma. Nikakazibua kwa sindano ya kushonea. Kikohozi kikaisha. Je, kuna mtu aliyesema hata neno moja zuri? Thubutu.

Kabla ya kupuliza nikapangusa milango yote kwa kitambaa cha maji, nayo maji yakaamsha nywele za mbao, kama nilivyotazamia. Nikazilaza kwa msasa laini, mlango mmoja baada ya mwingine, mpaka vidole vikafa ganzi.

Siku ya pili nikamimina nusu ya ndoo ndani ya beseni, niichuje kwa soksi safi kabla ya kuitia katika kikombe. Nikatoka kidogo kwenda kujisaidia. Narudi, harufu inanipokea mlangoni: esansi! Shemeji amesimama juu ya beseni na chupa ya petroli, anakoroga kwa kijiti, na uso wa mtu anayengojea kuambiwa aksanti.

"Nimekusaidia. Ilikuwa nzito."

Ndani ya beseni verni ilikuwa imeshikana mapande mapande, kama maziwa uliyoyakamulia ndimu.

"Umefanya nini, weye muntu?"

"Tangu lini verni inakataa esansi?"

Na kweli, hapa kwetu kila fundi anazimua verni kwa esansi, hilo silikatai. Lakini ndoo ilikuwa pale, imeandikwa kwa herufi kubwa, na mama mkunga alisema kwa mdomo wake: maji! Hata mtoto wa darasa la kwanza angesikia maji. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, maana watoto wangu watasoma. Nikamwambia pia kwamba kaka yake asingethubutu kutia mkono katika beseni langu bila kuniuliza. Akasema, "Kaka hayuko." Hivyo tu. Kaka hayuko! Kama vile nilikuwa sijapata habari.

Nusu ikamwagwa. Iliyobaki ilitosha milango minane, na ya kujaribia kidogo tu.

Nikapuliza mlango wa kwanza. Mkono ulikwenda sawa, ukungu ulitoka laini, verni ikalala juu ya mbao ikimeta. Nikavuta pumzi. Kabla sijaitoa, macho yakafumbuka. Sijui niyaite nini zaidi ya macho: vishimo vidogo vya duara, hapa kimoja, pale vitatu, verni inakimbia katikati na kubaki pembeni, mbao inaonekana uchi. Nikaifuta upesi kwa kitambaa cha maji kabla haijakauka. Nikapuliza tena, macho yaleyale, mahali pengine. Nikapunguza hewa. Nikaongeza hewa. Nikaitia maji kidogo, nikasogea karibu, nikasogea mbali. Macho!

Hapo ndipo shemeji aliposema yale ya marehemu.

Lililoniuma zaidi si mdomo wake, huo nimeuzoea. Liliniuma la fundi mzee wa pale, baba wa watu, aliyekula mezani kwangu mara nisizozihesabu. Aliweka nyundo chini, akasogea hatua mbili mbali na pistole. Akaniambia kwa upole, "Mama, ukubali tu uoshwe. Na mufu haugombani naye." Upole ule ulinichoma kuliko tusi. Mjane huku kwetu akikosea chumvi kwenye mboga ya sombe, ni marehemu. Mvua ikivuja, ni marehemu. Shemeji alipoharibu nusu ya ndoo nzima kwa esansi, hakuna aliyemtafuta marehemu!

Lakini niseme ukweli, niliogopa. Nilikaa juu ya magogo nje, nikamsemesha mume wangu moyoni. Njo weye kweli? Miaka yote hukunikataza hata kichwa cha samaki kuhe, ukanipa nikile mimi, leo unikatalie pistole? Na watoto wale nitawalisha na nini? Hakunijibu, na kutojibu kwake kukanirudishia hasira yangu, ambayo ilikuwa inanifaa kuliko woga. Nikasimama. Haya, nikasema, kama ni mufu, basi tutamkamata anapokaa.

Nilianza na mbao. Labda mti ule una mafuta yake. Nikachukua kipande cha kioo cha dirisha, nikakiosha mpaka kikalia chini ya kidole, nikapulizia verni juu yake. Macho. Basi si mbao, kioo hakina utomvu.

Nikaenda kwenye verni yenyewe. Nikaichota kutoka ndoo moja kwa moja, nikaipaka juu ya kioo kingine kwa kitambaa safi, bila pistole. Ikalala shwari, haina hata jicho moja. Basi si verni.

Ikabaki hewa. Kompresa yetu ni kuukuu, na kompresa kuukuu hutema mafuta yake ndani ya hewa. Nikachomoa pistole, nikaelekeza mpira juu ya karatasi nyeupe, nikaachia hewa huku nikihesabu mpaka mia mbili. Karatasi ikabaki nyeupe na kavu. Shemeji alikuwa ananitazama pembeni. "Unahesabu pepo?" akauliza. Mwenye kazi hana mdomo.

Mbao si yeye, verni si yeye, hewa si yeye. Nikaketi na pistole mapajani, nikaifungua yote: mdomo wa shaba, sindano, springi, kila kitu juu ya gunia. Nikaipitisha sindano kati ya kidole gumba na cha shahada. Ikateleza. Nikatazama kidole. Kilikuwa na rangi, nyekundu kidogo, ya machungwa. Nikanusa.

Mawese.

Na aliyeyapaka nilimjua. Nilikuwa mimi.

Hewa ya ziwa hula chuma. Mume wangu alikuwa na sheria yake: kila jioni, kazi ikiisha, pistole ifunguliwe, sindano na kila uzi wa skrubu vipakwe mawese, vifungwe. "Mawese njo dawa ya kutu," alisema, na kweli pistole yetu haikuwahi kushika kutu. Tangu amezikwa sikuacha hata jioni moja. Hata siku ya homa niliinuka nikapaka. Na kwa verni ya zamani hakukuwa na shida, kwa sababu kila asubuhi tulipitisha kwanza diluani, ile dawa kali ya kuyeyusha verni, nayo diluani inayala mawese yote, hayabaki. Ila verni hii haitaki diluani. Niliisuuza pistole kwa maji tu, kama ndoo ilivyosema, na maji na mawese, nani asiyejua? Yamepita juu yake yakaenda zake. Kila nilipovuta kidole, verni ilitoka na vitone vya mafuta visivyoonekana, na kila kitone kikafumbua jicho lake juu ya mlango. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kabla sijainuka kutafuta sabuni, nikasikia kelele nje. Treni ya Kabalo ilikuwa imefika. Na shemeji, badala ya kumpeleka mama yake nyumbani akanywe hata maji, alimleta moja kwa moja atelie, na vumbi la safari usoni, na mabegi bado juu ya pikipiki, ili amwonyeshe mlango ulioharibika. Mama mzee wa watu! Wakaingia na shangazi wawili.

"Ona, Mama," akasema. "Tulimwambia asishike. Marehemu amekataa. Tugawanye vitu, tumalize."

Mama mkwe akatazama mlango, akanitazama mimi, akatazama pistole iliyosambaa vipande juu ya gunia. "Mupeni kiti," akasema, akimaanisha mimi. Nikakataa kiti. Nikamwomba dakika chache, Mama, nikuonyeshe kitu, halafu useme unavyotaka.

Nilichemsha maji kwenye mbabula ya makaa. Nikaleta sabuni ya kipande na mswaki wa mtoto. Nikasugua sindano, uzi, mdomo, springi, kila pembe, nikasuuza mara tatu, nikakausha kwa hewa. Nikaunga pistole mbele yao wote. Nikapuliza juu ya kioo safi. Verni ikalala. Tukangoja. Hakuna jicho. Kisha nikafungua tena, nikachovya ncha ya kidole kwenye chupa ya mawese, nikagusa sindano kidogo tu, nikafunga, nikapuliza juu ya kioo kingine. Macho yakafumbuka mbele yao, moja, mawili, saba.

"Ni mawese, Mama. Si muntu."

Fundi mzee alikuja akainama juu ya kioo mpaka pua ikataka kugusa. Shemeji akasema, "Na sabuni je? Sabuni haitengenezwi na mawese?" Jamani! Nikamwambia imepikwa na magadi, inatoka na maji, ajaribu mwenyewe kunawa mikono yake kama itabaki na mafuta. Shangazi mmoja akacheka, akaficha kwa kitambaa.

Hapo akabadili njia, na hii ndiyo sitamsamehe. Akauliza polepole, sauti ya msibani: "Ni nani aliyesema pistole ipakwe mawese?"

Alijua jibu. Wote walijua. Walimwona kaka yake kila jioni.

"Bwana yangu," nikasema.

"Basi unasema kaka yangu alikuwa mujinga. Hajamaliza mwaka kaburini, na mbele ya mama yake unasema ni mujinga."

Ningeweza kurudi nyuma. Ningeweza kusema samahani Mama, labda ni yeye amekataa, nioshwe tu. Wangeniona mke mwema, na pistole ingekwenda.

"Sikusema mujinga," nikamwambia mama mkwe, si yule. "Nasema hapa alikosea, Mama. Verni hii hakuijua. Na miye nilikosea nyuma yake."

Mama mkwe alitia kidole chake kwenye kioo chenye macho, akakisugua na gumba.

"Alikosea," akasema. "Miye nilimuzaa, na ninasema: alikosea. Tangu mutoto alikuwa anakosea na haambiliki." Akamgeukia mwanawe. "Huyu bibi nitamuosha miye mwenyewe, nyumbani, siku nitakayoona inafaa. Vyombo vya kazi havigawanywi. Hauwezi kupasua pistole vipande tano. Anayeijua njo atakaa nayo."

Baadaye, nakuapia, nilimsikia shemeji nje akimwambia mteja, "Miye tangu mwanzo nilishuku mawese." Mungu anipe subira.

Mama mkwe alikataa kwenda kupumzika. Akachukua kile kiti nilichokikataa, akakiweka karibu na milango, akaniambia, "Puliza, nione." Nikaanza wa kwanza. Mkono wangu ulikuwa bado na hasira, nikaulazimisha utulie. Wa kwanza ukakubali, wa pili ukakubali. Kwenye wa tatu nikasikia anavuta kamasi nyuma yangu.

"Verni inakuumiza, Mama?" nikauliza bila kugeuka. "Hii haina harufu."

"Hapana. Kila bwana yako akija Kabalo alikuwa ananiambia, mama, watu wanasifu milango yangu, lakini ni muke yangu njo anaing'arisha. Kila safari. Nikafikiri anasema hivyo juu ya mapenzi tu."

Hakuwahi kuniambia hilo, hata siku moja, yule mtu. Hakuwahi! Na mlango ukishauanza huwezi kusimama katikati, utaacha alama. Nikaumalizia hivyohivyo, mkono umenyooka, machozi yanaingia mdomoni.